Pengo Kwenye Nyumba ya Crispin

Ilomba, Mbeya
9 Machi

Mpendwa dada Eveline,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kilolo, wewe na shemeji na watoto, na kwamba baridi haijakubana kifua tena. Sisi huku hatujambo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Unakumbuka Crispin wangu alivyotimiza miaka mitatu bila kusema zaidi ya "maji" na "mama". Nilimnunulia matofali ya plastiki ya kujengea dukani kwa mama Noorjahan, nikayapanga kwenye kabati la vioo sebuleni ili yasipotee. Wageni waliyasifu sana. Crispin aliishia kuyatazama.

Yudith, msichana wa kazi uliyeniletea, hakuwa na makuu. Aliomba vipande vya mbao kwa fundi Zabron, akavipiga msasa, akakaa chini na mtoto. Kila kipande alimuuliza ni kirefu au kifupi, kikae juu au chini. Nyumba ikianguka alimtaka aeleze kwa nini imeanguka. Miezi miwili haikuisha, Crispin anaongea mpaka majirani wanacheka. Mimi nikirudi kutoka sokoni, namkuta anamsimulia Yudith, akiniona, ananyamaza. Dada, niliumia. Wivu ulinishika hadi nikawa siuli ugali aliopika Yudith.

Siku moja Crispin alijenga nyumba, akaonyesha chumba chake na cha Yudith. Nilipouliza changu, alisema mama yuko sokoni.

Sasa nisikufiche. Nilikuambia Yudith nimemrudisha kwao kwa sababu aliiba sukari. Hakuiba hata kijiko. Na zile mbao nilizichoma, nikachemshia maharage.

Tangu aondoke, mtoto amerudi kwenye maneno yake mawili. Jumapili nilifungua kabati, nikatoa yale matofali, nikakaa naye sakafuni. Alijenga nyumba nyingine. Nilipotaka kuziba pengo ukutani, alinishika mkono, akaniambia nisizibe, Yudith atapita hapo.

Tafadhali nenda kwao, uwaambie wazazi wake kwamba nilisema uongo. Jumamosi nakuja mwenyewe kumwomba radhi. Sijui kama atakubali kurudi.

Wasalimie wote, na mama mpe pole ya mguu. Ile nyumba bado iko sakafuni. Tunapita pembeni, na pengo sijaliziba.

Mdogo wako,
Benedicta