Papa, Diski Yako Imefika

Papa,

Diski yako imefika. Naanza na hiyo habari kwa sababu najua ungeiuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama tumekula. Imefika, iko ndani ya mashine ya kamera ya dukani, mashine inawaka, na aliyekaza skrubu za kifuniko ni mimi, Masika wako. Skrubu moja imebaki mezani na sijui ilitoka wapi. Usinicheke.

Tangu tukuzike kule Kipese, juu kwa wazee wako, penye baridi na mashamba ya viazi, sijakuandikia neno. Watu waliniambia nilie nimalize. Nililia, sikumaliza. Nilikuwa na hasira, Papa, na bado ninayo. Nina hasira na wale watu wenye silaha waliosimamisha gari lenu kwenye kona mlipokuwa mnatoka Beni. Nina hasira na ile barabara. Siku nyingine nina hasira na wewe, kwa sababu ungeweza kumtuma mtu. Lakini wewe ulikuwa unasema, "Byangu minaenda kukamata miye mwenyewe," basi ukaenda.

Duka liko wazi. Watu wa ukoo walitaka tufunge, tuuze misumari na mabati yote kwa jumla, tugawane. Nilikataa, na nilikataa kwa sauti, wewe unanijua. Kila asubuhi natoka Bulengera, napanda pikipiki hadi dukani Kimemi, nafungua. Kambale bado ni sentineli, mlinzi wetu. Bado anasinzia mchana na bado anakataa kwamba anasinzia.

Ila mashine ya kamera ilikuwa imezimwa, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Siku za kilio, watu wakiwa bado wamejaa nyumbani kwenye parseli yetu, mtu alimwambia Mama kwamba picha zako zote ziko ndani ya mashine ya duka. Mama akaja kuniuliza kama ni kweli. Nikamweleza kama ulivyonieleza wewe, kwamba diski ni ndogo, na ikijaa inarudi mwanzo na kurekodi juu ya siku za zamani. Nilisema tu, sikufikiri. Mama akasema, "Donc kila siku iko nawaka, iko nakula siku moja ya baba yako." Akapanda pikipiki na kitambaa chake cha kilio kichwani, akafika dukani, akavuta waya ukutani. "Hapana mutu awashe ile machini." Tangu siku hiyo Mama hakukanyaga tena dukani.

Mtu mwingine angeona ni mambo ya mjane aliyechoka. Mimi nilimwelewa, kwa sababu naijua ardoise yako, kile kibao cha kuandikia. Kila jioni tulipozima umeme mashine ilisahau tarehe, na kila asubuhi iliamka ikidhani ni siku ile ile ilipotoka kiwandani. Basi ukanunua ardoise ya shule na chaki. Kabla ya mteja wa kwanza ulisimama mlangoni, mgongo kwa barabara, ukaandika tarehe, na chini yake neno moja: mvua, soko, mabati, chochote cha siku hiyo. Ukaielekeza kwa kamera. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kesi, pale tunapopokea pesa, chini ya kamera yenyewe, naangalia skrini, nakuambia, "Papa, inua kidogo, haionekane." Ulikuwa unainua. Kisha ulifuta chaki kwa mkono wa shati, na jioni Mama alilalamika juu ya shati.

Kwa hiyo ile diski ndogo imejaa wewe. Asubuhi moja baada ya nyingine, umesimama mlangoni na ardoise. Ya mwisho ina tarehe na neno moja, Beni. Nilikuambia B yako inafanana na nane. Ukasema nane pia ni nzuri, ukafuta, ukaondoka.

Basi mashine ikakaa kimya, na vitu vikaanza kupungua. Leo roli ya waya haipo, kesho kufuli. Unajua nani aliyeonyeshwa kidole. Watu wa ukoo walikuja wakasema Kambale aondoke, tena aondoke siku hiyo hiyo. Nilikumbuka ile mifuko ya simenti iliyopotea ukiwa hai. Wote walisema ni Kambale, ukafungua mashine utazame, ukakuta siku ile imeshafutwa. Ulisema, "Sikuona. Sitafukuza mutu juu ya kitu sikuona." Ndiyo maana uliagiza diski kubwa kutoka Kampala. Ulitaka mashine ikumbuke zaidi, ili mtu asihukumiwe kwa midomo ya watu.

Nifanye nini sasa? Nikiiacha imezimwa, wewe unabaki salama, lakini Kambale anabeba wizi wa mji mzima. Nikiiwasha, Kambale ana shahidi, na wewe unafutika asubuhi kwa asubuhi. Nilikuwa nakaa kwenye kiti changu naangalia ile skrini nyeusi, nikikuuliza.

Simu ikaja kutoka Beni. Ni yule mama mwenye depo, anayepokea mizigo ya wafanyabiashara kutoka Kasindi mpakani. Akaniambia, "Papa yako alikuyaka hapa ile asubuhi, kolis yake ya kutoka Kampala ilikuwa bado. Akasema, nitarudia. Sasa iko hapa, minaona huruma kuiangalia." Nilimwambia naja kuichukua.

Mama alisimama mlangoni pa nyumba. "Masika, ile njia ilishanikulia bwana. Hapana niletee kilio ingine." Nilimshika mikono. Nikamwambia ukweli tu. Mabati yetu yanapita njia hiyo, misumari yetu inapita njia hiyo. Nikiiogopa, duka limefungwa hata kama mlango uko wazi. Mama akaniachia mikono, akaingia ndani kuomba. Alinifungia viazi vya kuchemsha vya njiani, ndipo nilipojua ameniruhusu.

Nilienda na magari mengine, mchana, na wanajeshi mbele na nyuma. Tulipokaribia ile kona dereva alizima muziki bila kuambiwa na mtu. Wengine waliinamisha vichwa. Mimi nilifungua macho, nilitaka kuiona. Papa, ni kona tu. Kuna migomba, na mama mmoja alikuwa anapalilia maharagwe yake, mtoto mgongoni. Nililia hapo, kwa uchungu na kwa hasira, na nilipomaliza kulia tulikuwa tumeshapita. Kurudi sikulia. Nilikuwa nimeipakata kolis yako, kile kifurushi cha diski.

Sasa sikia ya mashine. Nilimwita Mumbere, yule fundi wa redio na kamera aliyetufungia nyaya mwanzo. Unajua ile menyu yote ni ya Kichina, tangu yule rafiki yako aliyekuletea kutoka Guangzhou. Hukukubali mtu aguse lugha. Ulituogopesha kwamba itaharibika, ukatufundisha kwa kuhesabu mistari, "Mustari ya tatu, kuume mara moja, OK." Nyumba nzima tuliendesha mashine ya Kichina kwa kuhesabu kama watu wanaopanda ngazi gizani, na tukajivuna.

Ndani kuna nafasi ya diski mbili. Mumbere akasema tuache ya zamani na tuongeze mpya pembeni, hivyo nitaweza kukutazama nikitaka. Nilifurahi, sitakuficha. Akaziunga zote mbili, tukawasha, menyu ikaja. Nikamtajia njia ya kutazama siku zilizopita kama ulivyonifundisha: mstari wa tatu, kuume mara moja. Akafika hapo, kidole tayari kubonyeza OK. Lakini pembeni ya ule mstari niliona alama ndogo nyekundu ambayo sijawahi kuiona. Na juu, mistari ilikuwa imeongezeka. Diski ya pili ilisukuma yote chini, na wa tatu haukuwa tena wa tatu wetu.

Nilimshika mkono. Nilimshika kwa nguvu, mpaka akalalamika, "Mais Masika, unaniumiza." Nikamwambia toa ya zamani kwanza, itoe kabisa, niipe mimi. Aliitoa. Niliifunga katika kitenge nikaiweka mapajani, ndipo nikamwambia aendelee. Kwa kuwa sasa hakukuwa na cha kupoteza, akaanza kugusagusa mpaka akapata lugha, na menyu yote ikageuka Kifaransa mbele yetu, rahisi hivyo, baada ya miaka yote ile. Tukaunga tena diski, mpya na nyingine tupu aliyokuwa nayo mfukoni, turudi kusoma ule mstari wenye alama nyekundu. Uliandikwa formater, yaani kufuta diski yote. Mumbere alijipangusa uso. Mimi nikakaa chini kwenye mfuko wa simenti.

Diski yako mpya ni kubwa, lakini mashine imekubali nusu yake tu. Mumbere anasema ni ya zamani, haijui ukubwa wa namna hiyo. Kichwa kigumu kama wewe mwenyewe. Hata hiyo nusu inatosha, itatunza miezi mingi. Akabadilisha pia ile betri ndogo ya saa, kwa hiyo sasa mashine haisahau tena tarehe usiku. Ilikuwa betri ndogo tu, Papa. Wewe na ardoise yako.

Diski ndogo sikuthubutu kuirudisha, mashine isije ikarekodi juu yake; iko ndani ya kofa, sanduku la Mama, katikati ya vitenge vyake. Kambale nilimwambia mwenyewe kwamba kamera inawaka. Siku iliyofuata alihamisha kiti chake mpaka mahali inapomwona vizuri, na sasa maskini hawezi kusinzia. Waya na kufuli sijui nani alivichukua, na nimewaambia watu wa ukoo hivyo hivyo: sikuona.

Leo asubuhi nilichukua ardoise yako. Najua tarehe mashine inayo, lakini niliichukua. Nikasimama mlangoni, mgongo kwa barabara, nikaandika tarehe na chini yake neno lako la mwisho, Beni. Nikainua macho kwa kamera. Ndipo nikaona kitu ambacho miaka yote sikukijua, kwa sababu nilikuwa upande wa pili. Ukisimama pale, huioni kamera. Jua la mlangoni linapiga kioo chake, macho yanashuka yenyewe, yanaangukia kiti cha kesi. Papa, asubuhi zote zile hukuwa unaangalia kamera. Ulikuwa unaniangalia mimi.

Na kile kiti leo hakikuwa kitupu. Mama alikuwa amekuja nyuma yangu kwa miguu kutoka nyumbani, hakuniambia, akapita pembeni yangu nilipokuwa naandika, akaketi. Alikuwa anaangalia skrini. Ardoise ilikuwa inashuka mikononi mwangu. Mama akasema, "Masika, inua kidogo, haionekane."

Niliinua.

Lala vizuri Kipese, Papa. Nitatafuta namna ya kufungua diski yako bila kufuta hata asubuhi moja, na siku hiyo Mama ataketi mbele na mimi nitasimama nyuma yake. Mpaka hapo nitafungua duka, nitapita njia ya Beni, na hakuna atakayefukuzwa kwa kitu ambacho hatukukiona. Chaki nimeifuta kwa mkono wa shati, na Mama ameshalalamika.

Binti yako,
Masika