Mjomba, Kisiki Amejibu

Mwaka mmoja umetimia leo, Mjomba, tangu ulipofumba macho asubuhi ile, muuguzi akiwa bado anakuwekea mto vizuri. Watu walitufariji kwamba mwaka hupita upesi. Wetu haukupita upesi. Ulitukalia kifuani, tukaubeba hivyo hivyo.

Bado tunakuona dukani kwako, umesimama nyuma ya kile kiti cha kuzunguka chenye mkono uliofungwa kwa utepe mweusi, mashine ya kunyolea mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Ulikuwa kinyozi mwenye mkono mwepesi. Watoto waliokuwa wakilia kwa vinyozi wengine, kwako walisinzia. Wazee uliwashika kidevu kwa vidole viwili, kana kwamba umeshika yai. Mtu akiugua asiweze kutoka, ulimfuata kwake na mkoba wako, ukamnyoa kitandani huku ukimpa habari za mtaa. Na kabla ya kumfungua mtu yeyote shuka ulimpangusa shingo kwa brashi ukamwambia, "Haya, nenda kapose," hata kama ni babu wa watu.

Lakini mteja aliyekujua alijua pia hatari yake. Simu ikitoa ule mlio wa ukumbini, mashine ilizimwa. Ukumbi wenyewe ulikuwa kundi la wapenda mashairi kwenye simu, wametawanyika huku na huko, hawajawahi kuonana, wanajuana kwa majina ya utani tu. Wewe ulikuwa Wembe. Na sheria yao ilikuwa moja: shairi hujibiwa kwa shairi, kwa vina vilevile na mizani ileile. Hakuna hongera, hakuna picha za makofi. Asiye na ubeti anyamaze.

Basi likija jibu ulilisoma kwa sauti, duka zima likasikiliza, kisha ukaanza kutafuta kina huku mteja amekaa na nusu kichwa. Fundi baiskeli wa jirani aliwahi kwenda kula chakula cha mchana akiwa na nywele za upande mmoja, kwa sababu ulikuwa umekwama kwenye ubeti wa pili. Aliporudi ulikuwa bado umekwama. Yeye ndiye aliyekupa kina. Tangu siku hiyo alijiita mshairi, akakataa kupanga foleni na watu wa kawaida.

Wengine wote ulishindana nao kwa kujifurahisha. Kisiki ulishindana naye kwa mapenzi. Hatukujua ni nani wala anaishi wapi. Wewe ulishikilia kwamba ni mzee mwenye kipara, kwa kuwa kisiki hakina majani, ukamwandikia beti chungu nzima ukimwalika dukani aje ung'arishe kichwa chake. Naye alikujibu kwamba wembe wako ni butu, haukati hata siagi. Akikupiga vizuri ulicheka mpaka ukatafuta pa kukaa. "Huyu nitamvaa kesho," ulisema, na kesho yake ulimvaa kweli.

Mimi mpwa wako nilijifunza mashairi peke yangu, na sioni haya kulisema hilo mbele ya wenye vyeti. Nilipoweka shairi langu la kwanza ukumbini nilitegemea mjomba wangu atanipokea kwa upole. Ulininyoa hadharani, tena bila maji. Jioni ulikuja kwetu kama kawaida, ukampa mama matunda, ukaniomba nikusogezee chumvi. Mimi nimenuna, mama anatutazama mmoja mmoja haelewi. Uliniuliza kitu kimoja tu: jibu langu liko tayari? Ndipo nikajua kwamba kwako, kumjibu mtu ndiko kumheshimu.

Maradhi yalipokushika sana, vidole ndivyo vilivyotangulia kukataa kazi. Ukalazwa. Fundi baiskeli alijitolea kukunyoa hapo hospitali, akakunyoa vibaya, ukamwambia hivyo bila kumficha. Mashairi ulinisomea ukiwa umelala, mimi nikayaandika kwenye simu yako. Ndivyo lilivyoandikwa la mwisho. Ulikuwa unaaga. Ubeti mmoja uliaga mashine, mwingine kioo, mwingine dada yako, mwingine mkeo, na kila ubeti ulirudi kwenye mstari uleule:

"Kiti nakiacha wazi, atakaye na akae."

Wenzako wa ukumbini, nilipowawekea, hawakuelewa. Wangeelewaje? Miaka yote hiyo mlikuwa mkitangaziana vifo vya uongo, mkizikana na kufufuana kwa vina. Walidhani umekuja na tambo jipya. Binti Ngurumo, ambaye hajawahi kuacha shairi lipite salama, alikujibu kwamba umekimbia vita na sasa unasingizia uchovu. Yule dereva wa lori, anayejibu akiwa ameegesha njiani, aliahidi kuja na gari lake akibebe hicho kiti, maana amechoka kusikia habari zake. Wengine wakafuata. Wakakuchimbia kaburi la utani, wakalizunguka wakicheka.

Nilitaka kuwavaa. Nilikuwa nimeshaanza kuandika, tena si kwa vina. Ulinishika kwa ule mkono wako uliobaki mifupa.

"Waache," ulisema. "Wakijua watanipa pole. Pole haina mizani."

"Lakini wanakucheka, Mjomba."

"Wananijibu. Hebu soma tena hilo la dereva."

Nikasoma tena. Ulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kuna nini, ikabidi nimsomee na yeye. Siku zile za mwisho tulikuletea uji, tulikuletea shuka safi, tulikuletea redio. Hakuna ulichokitaka kama majibu hayo. Mkeo alikaa miguuni pako akijifanya amechukizwa na kelele zetu. Tulimwona. Alikuwa anasikiliza kicheko chako.

Jibu moja tu halikuja. Kila tulipoingia uliuliza, "Kisiki?" Tukatikisa kichwa. Hakuwahi kukunyamazia hata mara moja, hata ulipomwambia kwamba shairi lake lina harufu ya shairi la mtu mwingine.

"Anatafuta vina," ulisema. "Atajibu tu. Akijibu mnisomee."

Hukusema tukusomee wapi.

Tulipokwisha kukuzika niliwaandikia kule ukumbini, kwa maneno machache, kwamba Wembe hakuwa anatania. Kisha yakaja yale uliyoyaogopa: pole, pole, pole, na maua ya kuchorwa. Na nyuma ya pole, Mjomba, wakaanza kufuta. Binti Ngurumo akalifuta lake. Dereva akalifuta lake. Mmoja baada ya mwingine walishikwa na aibu, wakayaondoa majibu yao yote, mpaka shairi lako likabaki pale kama mtu anayezungumza peke yake.

Mkeo ndiye aliyeligundua hilo. Yeye ambaye siku zote alikuita mwendawazimu wa simu, alinijia na simu yako mkononi.

"Waambie wayarudishe," alisema. "Hayo ndiyo yaliyomchekesha. Wameyafuta, mimi nitamsikia wapi?"

Niliwapelekea maneno yake kama yalivyo, bila kupamba. Wakayarudisha. Dereva hakuwa ameliweka lake popote, akaliandika upya kwa kukumbuka, likatoka bovu kuliko la kwanza, na tuna hakika ungemwambia. Tangu hapo, mkeo akizidiwa na upweke hukaa na simu yako akayasoma kwa sauti ya chini. Sisi tulio chumba cha pili tunapunguza mazungumzo.

Dukani kuna kinyozi mwingine sasa, kijana mwenye adabu, amekuja na kiti chake. Chako tulikileta nyumbani, kipo sebuleni karibu na dirisha. Mjukuu wako uliyempa jina la Nukta hupenda kukizungusha kwa mkono, akakizungusha mpaka kikalia, lakini hakipandi. Hakuna aliyemkataza.

Na Kisiki alinyamaza. Nilimchokoza kwa beti kali ambazo mtu mwenye damu mwilini asingeziacha. Kimya. Wengine ukumbini walinisihi nimwache. Mama alianza kusema huenda naye ametangulia. Mimi nilisema, kama yu hai na amekunyamazia wewe, basi hastahili jina la mshairi, na niliyaandika hayo wazi ayaone.

Juzi, Mjomba, ameandika. Kwanza maneno machache, tunakupa kama alivyoyaleta: "Nilijua tangu ubeti wa kwanza kwamba anaaga kweli. Ningemtania, ningekuwa muongo. Ningemlilia, angenidharau. Nimekaa na vina vyake mwaka mzima, ndio kwanza nimepata."

Chini yake ameweka ubeti mmoja. Ulituagiza tukusomee. Sikiliza:

Nimezunguka vinyozi, kipara changu king'ae,
Wote hawana ujuzi, hunikata nishangae,
Usinitoe machozi, rudi hapa nikuvae,
Kiti kingali ki wazi, simwachi mtu akae.

Mizani imetimia, nimeipima mwenyewe, na unajua sipimi kwa huruma. Na ulisema kweli: ana kipara.

Nilimsomea mkeo. Alicheka, kile kicheko ambacho hatujakisikia tangu uende, kisha akalia. Akaomba nirudie mstari wa mwisho. Nikaurudia. Akainuka, akachukua kitambaa, akakifuta kile kiti taratibu, mgongoni, mikononi, hadi kwenye utepe mweusi, akakigeuza kikatazama mlango.

Unakumbukwa na mkeo, na dada yako, ambaye ni mama yangu, na binti zako wawili na waume zao, na Nukta, anayeuliza habari zako kila anapokizungusha kiti, na fundi baiskeli, ambaye kwa kina kimoja amejihesabu ndugu wa damu, nasi hatukumpinga, na Binti Ngurumo, na dereva popote alipoegesha leo, na ukumbi mzima, na Kisiki, na mimi mpwa wako, ambaye lile jibu uliloniulizia mezani bado naliandika.

Hatutakusahau, Mjomba. Na maadamu tupo, hutakosa wa kukujibu.