Rangi Ambayo Wambui Alikataa Kunipaka

Jumamosi jioni

Nilimkasirikia Wambui bure. Kesho dada yangu anaolewa kule Othaya, na nilitaka mvi zangu zipotee kabla ya picha. Lakini binti yangu huyu, anayesomea ususi hapa Nyeri, alinipaka rangi kidogo nyuma ya sikio juzi, akasema tungoje siku mbili tuone kama ngozi itaikubali. Leo pamevimba na panawasha.

"Mama, hatupaki."

"Si ni kadoa tu!"

"Ingekuwa kichwa chote, ungeamkia hospitali."

Akaitupa pakiti ya rangi, akaniosha nywele taratibu, akanisuka, mvi zote zikionekana mbele. Sijui watu watasema nini.

Ana miaka kumi na tisa tu, na amenikatalia bila kupandisha sauti. Kwa umri huo, mimi ningempaka tu mama yangu na kunyamaza.