Kila Mtoto Ana Kaburi Isipokuwa Wangu

Mpendwa Bibi Ernestina,

Naomba msaada, na tafadhali uniwahi, kwa sababu sherehe ni Jumamosi, na hapa nakuandikia na mikono yenye rangi ya machungwa, nimeosha na sabuni, nimeosha na ndimu, haitoki, mume wangu Anaclet anaendesha lori bandarini na anasema wenzake wamemuuliza kama ameoa boga, lakini mimi sijali, Bibi, niko na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tangu nifike Durban, na ndani ya hiyo furaha iko jambo moja linanichoma kama mwiba.

Jina langu ni Gracieuse, nakaa Cato Manor, kazi yangu ni kusuka nywele, na keki nilijifunza kwenye simu, nikaanza na za watoto wa kanisani. Binti yangu Riri anasoma Morningside, na rafiki yake wa darasani anafanya Halloween, ile sherehe ya hapa ya kutishana kwa kupenda, watoto wanavaa kama mifupa na wachawi halafu wanapewa pipi. Mama wa huyo rafiki anaitwa Belinda, alikula keki yangu moja siku ya michezo ya shule, akafunga macho kabisa, akaniambia Gracieuse, wewe ndiye utatengeneza kapkeki za sherehe yote, na nataka ziwatishe mpaka wakimbie.

Bibi, ungeziona! Nimetengeneza maboga ya krimu ya rangi ya machungwa, ndiyo yaliyonipaka mikono, nimetengeneza buibui wa chokoleti na miguu ya pipi nyeusi, nimetengeneza mizimu ya krimu nyeupe, unazungusha mfuko wa krimu juu ya keki, unavuta, mzimu unasimama wenyewe, unaupa macho mawili ya sukari na unaanza kukuangalia, nimetengeneza vidole vya biskuti na kucha za lozi na jamu nyekundu pale vimekatwa, kimoja kikaanguka kwenye kiti, Anaclet akarudi kazini akakaa, akakishika, akapiga kelele mpaka jirani akagonga mlango, "Eish, nani amekufa?" Nimecheka mpaka nimelia. Sasa sikia shida yenyewe.

Belinda aliomba pia makaburi. Ni biskuti ya kijivu iliyoviringwa juu, unaisimamisha kwenye keki ya chokoleti kama jiwe kwenye udongo, na juu yake jina la kila mtoto aliyealikwa, ili mtoto atafute kaburi lake na alile. Mimi na ile furaha nikajibu sharp, hakuna shida. Nikaoka, nikapanga mezani, nikaanza kuandika, Ayanda, Jayden, Priya, mwandiko umenyooka, naimba wimbo wa kwaya, majina yote yakaisha likabaki moja la mwisho, Henriette, ndilo jina la Riri la ubatizo, na hapo mkono ukakataa. Nikashusha mfuko, nikaupandisha, krimu ikakauka kwenye ncha. Wewe unajua, Bibi, kwetu jina la mtu aliye hai haliwekwi juu ya kaburi, ni kama kumwita aje. Na hilo si la Riri peke yake, ni jina la mama mkwe wangu, tunaishi naye, mtoto alirithi kwake, anamwita "majina yangu", kwa hiyo biskuti moja ingezika watu wawili wa nyumba yangu.

Nikiwa bado nimesimama hivyo, mama mkwe akatoka kulala mchana. Anasoma polepole, herufi kwa herufi. Akaangalia meza, akaona makaburi yamejipanga, akasoma la kwanza, akasoma la pili, akaangusha kitenge chini.

"Ni basi ya shule imeanguka?" akauliza. "Gracieuse, ni basi ya shule?"

Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshakaa chini, mikono kichwani, analia kama mtu yuko kwenye matanga, "Yoo, Ayanda wa watu! Yoo, Priya, mama yako atafanya nini leo!" Kisha akanishika mguu. "Na majina yangu? Majina yangu iko wapi?"

Riri akatoka chumbani na mdomo umejaa krimu, akamjibu bibi yake. "Niko hapa, Koko. Hizi ni biskuti."

Nikamuelezea mama mkwe yote. Akafuta machozi, akachukua Jayden akamnusa, akamrudisha. "Hawa watu wanazika watoto wao na sukari?" Akasema nikithubutu kuandika jina lake atarudi kwetu Uvira kwa miguu. Nikaapa sitaandika. Na Riri naye akaanza kulia kwa sauti kuliko yeye: "Kila mtoto ako na kaburi, mimi tu sina! Nitakula nini? Watauliza kwa nini mimi sina!" Hii ndiyo sherehe yake ya kwanza kualikwa na watoto wa shule, Bibi, tangu tumehamia hapa. Ameshona mwenyewe nguo ya mifupa kwenye suruali yangu nyeusi.

Jioni Belinda akaandika kwenye simu, majina yote tayari? Nikamjibu ndiyo, nikamtumia na kapicha ka kamzimu kanakocheka. Sasa nawaza niseme kaburi la Riri limevunjika kwenye taxi, ama niseme Riri ana homa abaki nyumbani, ama nifunge macho niandike tu na Mungu anisamehe. Nishauri, Bibi, na ujibu hewani, kwenye kipindi chako cha redio, bila kuficha jina langu, Belinda hasikii Kiswahili.

Wako,
Gracieuse, Cato Manor

*

Gracieuse mwanangu,

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi nikashikilia meza. Mara ya pili niliyahesabu hayo majina.

Nianze na pongezi, maana unazistahili. Mtu anayeoka kidole mpaka dereva wa lori akapiga yowe, huyo ni fundi, tena fundi wa kuogopwa. Na kama yuko jirani atakayekuambia kwamba umeingiza pepo nyumbani, mjibu kwamba shetani ana shughuli nyingi, hana nafasi ya kukoroga krimu. Buibui, mizimu, vidole, endelea navyo. Macho uongeze.

Sasa kaa chini nikuseme.

Uliandika Ayanda huku unaimba. Uliandika Priya, mwandiko umenyooka. Ulipomfikia wa kwako, mkono ukakumbuka kwamba ni kaburi. Ehe! Hao wengine waliokotwa? Priya hana mama? Jayden hana bibi anayeamka alfajiri kumwombea? Mimi sikukanyaga darasa hata siku moja, lakini hilo halihitaji kalamu kulijua. Kama ni sukari tu, basi ni sukari kwa wote, mwandike na Riri mtoto apate keki yake. Kama ni kaburi, ni kaburi kwa wote, na hakuna mtoto wa kuingia humo. Chagua moja. Na mkono wako ulishachagua, wewe ndiye unayeubishia.

Halafu mtazame mama mkwe wako, unayemwandika kana kwamba ni kichekesho. Yule mama aliwalilia watoto asiowajua hata sura, akawataja mmoja mmoja, akawalilia na mama zao, ndipo akauliza wa kwake. Yeye alianzia kule ulikotakiwa kuanzia wewe. Mpikie chai.

Na hiyo homa! Unaogopa kumwandika mtoto kwenye biskuti, halafu unataka kumtangaza mgonjwa ilhali ni mzima na ameshona mifupa yake mwenyewe? Kinywa ni chepesi kuliko krimu, siyo? Na taxi ya watu umeisingizia nini? Acha. Uongo ulioanza na kale kamzimu kanakocheka ukomee hapo hapo.

Belinda hana ubaya. Watu wa kwao wakikiogopa kifo wanakivalisha kinyago na kukicheka usoni. Sisi tukikiogopa hatukitaji jina. Woga ni ule ule. Ila yeye hawezi kujua kilicho moyoni mwako kama kila analosema unamjibu sharp, hakuna shida. Shida ipo. Mwambie ipo.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukimaliza kunisikia, mpigie. Usiandike, piga, asikie sauti yako. Mwambie: "Belinda, nilikuambia majina yote yako tayari, nilikudanganya. Kwetu jina la mtoto aliye hai haliandikwi kaburini, na nimeshindwa. Majina nitayaweka kwenye mizimu inayocheka, kila mtoto na mzimu wake. Makaburi utayapata pia, na yatakuwa mazuri kuliko ulivyoomba." Usijikunyate, usiombe radhi mara kumi. Mwanamke aliyefumba macho kwa utamu wa keki yako hatakuacha kwa hilo. Na akishikilia kwamba lazima majina yakae kaburini, mpelekee makaburi matupu pamoja na mfuko wa krimu, aandike kwa mkono wake. Tuone mkono wake utasemaje akifika kwa mwanawe.

Halafu hayo uliyokwisha kuandika usiyatupe kwenye pipa na wala usiyale kwa siri, nakujua. Chukua kisu kidogo, kaa mezani, paruza jina moja baada ya jingine, taratibu, na kila unaloparuza ulitaje kwa sauti: Ayanda, uishi. Jayden, uishi. Priya, uishi. La Riri halimo, kwa hiyo huna la kwako la kuparuza. Paruza ya wenzio kama ni lake.

Jiwe likishakuwa safi, andika yale watoto wenyewe wanayotamani kuyazika, na uandike kwa Kiingereza chao wakasome. Hapa limelala Zoezi la Hesabu. Hapa umelala Mchicha. Hapa imelala Jumatatu Asubuhi. Hapa imelala Sindano ya Kliniki. Nakuambia, watapigania makaburi hayo! Yupo mtoto atakayekula Jumatatu tatu na kurudi kwao anaumwa tumbo, nawe utaagizwa tena mwaka ujao kabla maboga hayajaota.

Bado moja la mwisho, lile ulilosimama nalo mpaka krimu ikakauka. Hilo usiliandike wewe. Waite mezani Henriette mkubwa na Henriette mdogo, wape mfuko wa krimu, waambie wakubaliane kitu kimoja ambacho wote wawili wangependa kukizika, wakiandike wenyewe, na hilo ndilo kaburi atakalobeba Riri Jumamosi.

Wakishindwa kukubaliana, oka mawili. Unga upo.

Bibi Ernestina