Mama Yuko Upande wa Kushoto

Usenge, 4 Agosti 2024

Binti yangu Sheryl,

Habari ya Nairobi na kazi? Sisi tuko salama, ila mvua haiachi dagaa wetu wa omena wakauke.

Jana tuliona filamu yako uliyopiga hapa ufuoni. Nilileta TV kubwa kutoka Bondo kwa ajili hiyo, na mama yako akaita majirani: "Mtaniona nikianika omena!" Tukatazama mpaka mwisho. Ufuo upo, mashua zipo, yeye hayupo. Jirani yetu Dalmas akacheka, "Mama Sheryl, walikukata!" Mama yako akaenda jikoni. Mpaka leo hasemi na mtu.

Niambie ukweli. Ulimwonea aibu?

Baba yako,
Mwalimu Oluoch

Nairobi, 5 Agosti

Baba mpendwa,

Nawasalimu wote wawili. Mimi ni mzima, ila barua yako imeniliza.

Sikumkata Mama. Yuko kwenye picha ya kwanza kabisa, upande wa kushoto. Filamu yetu ni pana kuliko skrini yenu. TV ikiwa kwenye "zoom" inaivuta picha ijaze skrini, na pembeni kunapotea. Chukua rimoti, ingia menyu, tafuta ukubwa wa picha, uchague 16:9. Mtaona weusi juu na chini. Si ubovu, ndivyo filamu ilivyo.

Binti yako,
Sheryl

Nairobi, 13 Agosti

Baba, mko salama kweli? Wiki nzima kimya, na Mama hashiki simu yangu. Kama bado ana uchungu, nitakuja mwenyewe.

Sheryl

Usenge, 18 Agosti

Binti yangu,

Pokea salamu zetu. Stima ilikatika siku kumi, ikarudi jana mchana.

Nilivaa miwani nikaanza kubonyeza. Kwanza nilikosea nikachagua 4:3, watu wote wakakonda. Nikarudi, nikapata 16:9. Nikaita, "Mama Sheryl, njoo!" Akasimama mlangoni, mikono ina unga.

Akajiona. Ameinama juu ya wavu, leso ya kijani, jua mgongoni. Akasema polepole, "Kumbe niko hivi?"

Dalmas alikuja akauliza mbona TV ina weusi. Mama yako akamjibu, "Wacha iwe nyeusi. Mimi niko ndani."

Nisamehe kwa lile swali. Miaka thelathini na moja nimefundisha watoto wa watu, lakini jana nilijivunia mtoto wangu mwenyewe.

Leo mama yako ameenda kanisani mapema kuliko padri. Anasema ukija tena na kamera, umweke katikati.

Baba yako