Baba Atieno, Stoo Yako Inatoka Jasho

Atieno anaolewa Milimani! Ndiyo, Baba Atieno, Milimani kwenyewe, kwenye nyumba yenye geti na nyasi za kukatwa kwa mashine. Wakwe wanakuja hapa nyumbani kuzungumza mahari, na mimi nimeshika kalamu kwa sababu miguu imekataa kutulia.

Sasa ndiyo nikusalimu, mume wangu, huko ulikolala mwaka wa tatu huu. Sisi wazima. Ziwa limejaa magugu hadi wavuvi wanalia, mvua haitaki kwisha, na huyo binti yako, mwalimu wa hesabu wa sekondari, bado anapika ugali wenye madonge. Akili ni zako, uzuri ni wangu. Mimi si mtu wa kujisifu, lakini nilipopita naye sokoni Kibuye juzi, hata wauza mitumba waliacha kuita wateja.

Kinachonisumbua ni stoo. Ile stoo yako ya mabati, nyuma ya migomba. Ndani yake ziko njugu za shamba lako, nilizolima na kuvuna kwa mikono yangu, na hizo ndizo nataka mama mkwe wa Atieno ale. Unajua watu wa hapa walivyosema tulipokuzika: "Hapo sasa ni boma la mjane, litaota nyasi." Basi nataka watu wa Milimani watafune njugu za Baba Atieno, waone wenyewe kama kuna nyasi. Sasa majuzi asubuhi nafungua mlango, tone la maji likaniangukia utosini. Na usiku huo mvua haikuwa imenyesha!

Nilicheka peke yangu. Nilikukumbuka wewe.

Uliijenga ulipokuja likizo kutoka Muhoroni, enzi zile unaendesha trekta za miwa. Ulilitazama ghala la mama yako, lile la fito lililosimama juu ya mawe, ukasema, "Hili ni la babu zetu. Mke wangu anataka mabati." Mimi sikuwa nimesema nataka mabati, lakini nilinyamaza, maana majirani walikuwa wanasikia. Ukaziba kila mahali kwa lami, hata tundu la msumari. "Panya akitaka kuingia," ulisema, "aje na ufunguo." Watu walikuja kuitazama kama gari jipya, nami nikawaonyesha polepole, kona kwa kona.

Kisha ikaanza kudondosha maji ndani. Ukapanda juu na debe la lami kutafuta panapovuja, jua linakuchoma mgongo, na jirani yetu Mama Zuhura amesimama chini na mtandio wake anakutazama.

"Bwana fundi, unaziba nini na jana hakukunyesha?"

"Ni ile ya juzi, mama. Ilibaki."

"Ilibaki wapi? Mfukoni?"

Ulikasirika, ukaingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango ili pakauke. Yawa! Tulipofungua, unyevu wote wa magunia na sakafu ulikuwa umepanda na joto, ukakutana na bati la baridi, ukawa unarudi chini matone matone juu ya mahindi yetu. Mama Zuhura akapiga kigelegele. "Stoo ya wenzetu inatoka jasho kama mpishi wa harusi!" Nilidhani utamjibu vibaya. Ulikaa juu ya debe ukacheka mpaka ukashika mbavu.

Siku hiyohiyo ukachukua msumeno. Ulikata matundu mapana chini ya paa, upande wa ziwa na upande wa pili, upepo uingie huku utokee kule, ukapigilia wavu wa waya kwa ajili ya panya. Magunia ukayainua juu ya mbao na mawe, mbali kidogo na ukuta, vilevile kama ghala la mama yako. Mikeka ya mafunjo ukaitundika chini ya bati. "Kumbe nafaka inapumua, Mama Atieno," ulisema. "Nilikuwa nimeibana pua." Tangu hapo sikuona tone miaka yote, na sikuacha kuwaambia watu.

Basi hilo la majuzi limetoka wapi? Ni ndugu yako Ochieng. Kwa kutaka nyumba ipendeze, alihamishia stooni makochi ya zamani, akayasukuma hadi ukutani pamoja na magunia, na matundu yako akayafunika kwa nailoni ili mvua isirushe maji ndani. Ana moyo wa kusaidia kama wewe: kwanza anaziba.

Nikang'oa nailoni. Nikatoa kila kitu nje. Gunia lililogusana na bati lilikuwa limeota kuvu ya kijani. Nililimwaga lote shimoni nikafukia, hata kuku sikuwapa, maana njugu zenye kuvu ni sumu. Moyo uliniuma kama nimefukia mtu.

"Mama," Atieno akaniambia, "si tununue tu Kibuye?"

"Mimi? Ninunue njugu mahali ninapouza?"

"Nani atajua?"

"Soko lote litajua kabla sijafunga fundo la leso!"

Halafu huyo mwalimu akakunja mikono ya blauzi yake nzuri, akakaa chini kwenye mkeka, tukachambua pamoja, nzuri huku, mbaya kule. Nikamwona anachukua ganda moja, analitikisa karibu na sikio, anasikiliza kama punje inalia. Hivyohivyo ulivyokuwa unafanya, kichwa upande. Nikageuka kutazama ziwa, nikajifanya natafuta mvua.

Sasa kila alasiri wingu likisimama juu ya maji, tunakimbia na mikeka tuliyoanikia njugu kuingia ndani, likipita tunakimbia kutoka. Leo nimepapasa bati, ni kavu. Nimeondoka, nimerudi nikapapasa tena. Atieno anasema nitalitoboa. Njugu zilizobaki zinatosha kama wakwe wana adabu, na kama hawana, wataondoka na hamu.

Ochieng ndiye atakayesimama mahali pako kuzungumza, ameshanunua hata tai. Nimemwambia aseme yote, mimi nimebakiza jibu moja tu. Yule mama wa Milimani akitafuna, akauliza njugu tamu hivi tumenunua wapi, Ochieng asifungue mdomo. Nitajibu mimi: hatukununua, mama, ni za mwenye boma.

Acha niende, naona wingu lile limeanza tena kujikusanya. Pumzika, Baba Atieno, lakini usilale fofofo. Watu wetu wote, na wa Milimani wote, wanakuja Jumamosi.

Mkeo,
Mama Atieno