Maharagwe Yameota kwa Turubai

Sasa Nekesa dadangu,

Picha ya mbele ni ya mlima, lakini tangu nifike hapa Saboti sijauona. Mawingu yameufunika.

Wacha nikuambie kitu sijaambia mtu. Jumatatu redio ilisema kwa Kiingereza kwamba mvua kubwa itanyesha hadi mwezi uishe, huku Kitale mpaka huko kwetu Bungoma. Mjomba alikuwa uani na wavunaji. Akaniita, "Wewe msomi, ati wamesema nini? Si jua litakaa?" Watu wote wakageuka kunitazama. Unanijua. Ningempinga Mjomba aje mbele ya watu? Nikaitikia kwa kichwa.

Wakang'oa maharagwe yote, wakayaanika kwenye turubai. Saa tisa mvua ikaanguka, na mpaka leo haijaacha. Sasa yameota ndani ya maganda na yananuka. Hayo ndiyo yangeliwa hapa hadi mahindi yakomae, na mbegu ya mwaka ujao ilikuwa humo. Anti anachambua yaliyobaki. Mjomba anasema, "Redio ni mwongo, bana." Ameitoa betri akatia kwa tochi.

Jirani anakuja Bungoma kesho, ndiye atakuletea kadi hii. Mwambie Mama asing'oe maharagwe bado. Akiuliza umejuaje, sema ni redio. Mimi usinitaje.

Nimewakumbuka sana. Ingizeni kuni ndani, mlale pakavu.

Ni mimi mdogo wako,
Nafula